Taa nyekundu mlimani Mau Summit: maji ya rejeta yanakwenda wapi?

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Nina gari dogo la petroli lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Halina mshale wa joto kwenye dashibodi, bali taa mbili tu, ya bluu na nyekundu. Kwa miezi miwili sasa, kila ninapokwenda Kericho kuwaona wazazi, taa nyekundu huwaka nikikaribia Mau Summit, kisha huzima nikianza kuteremka kuelekea Londiani. Mjini haijawahi kuwaka. Asubuhi baada ya kurudi, nikifungua rejeta hukuta imepungua takriban nusu lita, nami huongeza maji ya bomba, ilhali chupa ya akiba imejaa daima. Ninapoegesha hakuna hata tone chini. Jirani anasema ni sensa iliyoharibika. Fundi mmoja amenishauri aondoe themostati. Naomba kujua ninachoweza kuchunguza mwenyewe nyumbani kabla ya kutumia pesa."

Mwalimu, nashukuru kwa kueleza jambo lako kwa ukamilifu, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani ya swali lenyewe. Umetaja mambo matatu: taa inayowaka mlimani pekee, rejeta inayopungua baada ya safari, na chupa ya akiba isiyopungua kamwe. Wengi wangeshughulika na hilo la kwanza kwa kuwa ndilo linalotisha. Mimi nimevutwa zaidi na hilo la tatu. Hata hivyo, kabla sijaeleza sababu, nakuomba usilipandishe tena gari hilo mlimani mpaka uchunguzi huu ukamilike. Wazazi wako watakuelewa ukipanda matatu mara moja au mbili.

Tuanze na taa. Ile ya bluu huwaka asubuhi injini ikiwa baridi, na huzima baada ya dakika chache injini ikishapata joto lake la kazi. Hiyo si hitilafu, na isikusumbue. Taa zote mbili zikiwa zimezima, joto ni la kawaida. Nyekundu humaanisha kwamba joto limekwisha kuvuka mpaka, na kwa gari lisilo na mshale hakuna onyo la mapema kabla yake. Inapowaka, injini imekwisha kuumia au iko ukingoni mwa kuumia.

Je, jirani yako anaweza kuwa sahihi kuhusu sensa? Sensa huharibika, sikatai. Lakini sensa mbovu au waya uliolegea huwasha taa ovyo, mjini na mlimani, asubuhi na jioni. Haichagui mteremko wa kuzimia wala mlima wa kuwakia. Tena sensa hainywi maji, na wewe unapoteza nusu lita kwa safari. Huenda jirani amewahi kuona magari ya Ulaya ambayo yana sensa nyingine ndani ya chupa ya maji, inayopima kiwango wala si joto. Hiyo hushikwa na uchafu na kuwasha taa ilhali maji yapo tele. Taa yako si ya aina hiyo.

Kuna jambo la kutisha zaidi ambalo watu wengi hawalijui. Sensa ya joto hupima vizuri ikiwa imezama majini. Maji yakishuka sana, sensa hubaki katikati ya hewa na mvuke, na inaweza kuonyesha joto dogo kuliko lile lililomo ndani ya chuma. Kwa hiyo taa inapozima yenyewe mara unapoanza kuteremka, usiichukulie moja kwa moja kuwa habari njema. Yawezekana injini imepoa kwa kuwa mzigo umepungua, na yawezekana pia kwamba sensa imekosa maji ya kupima.

Sasa mlima wenyewe. Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit ni kiasi cha mita 2,500. Yeyote aliyewahi kuchemsha maharagwe kule Molo anajua kwamba huchelewa kuiva kuliko yanavyochelewa Kisumu. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kisumu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Nakuru 94, na Mau Summit karibu nyuzi 92. Maji yaliyomo ndani ya injini yako nayo hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Ukilinganisha tarakimu hizo utaona kwamba, kama rejeta ingekuwa sufuria iliyo wazi, maji yangechemka pale juu hata injini ikiwa nzima kabisa.

Kinachozuia hilo ni mfuniko wa rejeta. Watu huudhani kuwa kifuniko cha kuzuia maji yasimwagike, kumbe ni sawa na kifuniko cha sufuria ya presha. Ndani yake mna springi inayokandamiza mpira, na juu yake pameandikwa tarakimu kama 0.9 au 1.1, yaani presha ambayo mfuniko huivumilia kabla ya kufunguka. Mfuniko mzima wa 1.1 huyafanya maji pale Mau Summit yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 117. Mpira ukikauka au springi ikilegea, presha huvuja, na ule uwezo wa ziada wa nyuzi ishirini na kitu hutoweka. Mjini hutaona tofauti, kwa sababu mzigo ni mdogo na injini haitoi joto jingi. Lakini kutoka Salgaa kupanda Sachangwan, nyuma ya malori, kwa gia ya chini na upepo hafifu, takriban theluthi ya nguvu ya petroli unayochoma huingia katika maji hayo kama joto. Hapo ndipo udhaifu mdogo wa mfuniko huwa jambo kubwa.

Mfuniko huo una kazi ya pili, nayo ndiyo inayonirudisha kwenye chupa yako iliyojaa daima. Maji yakipata moto hutanuka, na yale ya ziada husukumwa kupitia mfuniko hadi kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, maji yaliyobaki hunywea, na ombwe linalotokea huyavuta yale ya chupa yarudi kupitia vali ndogo iliyo katikati ya mfuniko. Katika gari zima, chupa hupanda na kushuka kila siku, na rejeta yenyewe hubaki imejaa hadi shingoni. Kwako maji yanakwenda ila hayarudi. Chupa inajaa, safari inayofuata inamwagika barabarani kupitia kipaipu chake cha kufurikia, nawe unatafuta tone chini ya gari nyumbani wakati maji yenyewe yalibaki Sachangwan.

Kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni mfuniko, na pamoja nao ule mpira mwembamba unaounganisha shingo ya rejeta na chupa. Ukiwa na ufa, rejeta huvuta hewa badala ya maji. Nitakuwa mkweli kwako, lakini: yuko mshukiwa wa pili anayeacha alama zilezile, naye ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Ikianza kupasuka, gesi ya moto kutoka ndani ya silinda hupenya katika njia za maji na kuyasukuma nje kwenda kwenye chupa kwa nguvu kuliko presha ya kawaida. Mfuniko hugharimu kidogo, gasketi hugharimu sana, na gari ambalo taa nyekundu imewaka mara kadhaa kwa miezi miwili lina haki ya kushukiwa hilo la pili hata kama chanzo kilikuwa hilo la kwanza.

Unaweza kuwatofautisha kwa kiasi fulani ukiwa nyumbani, asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Nasisitiza asubuhi. Maji yaliyo chini ya presha yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 bila kuonekana yakichemka, na ukifungua mfuniko hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani. Nimewaona vijana wa gereji waliobaki na makovu ya mkono kwa sababu ya haraka ya dakika tano. Kitambaa kizito hakitoshi kuwa kinga.

Kabla ya kuwasha injini, finya paipu nene ya juu inayounganisha rejeta na injini. Inapaswa kuwa laini. Ikiwa ngumu kama mpira wa miguu uliojazwa upepo, ilhali gari limelala baridi usiku mzima, kuna gesi iliyonaswa ndani, na hiyo ni dalili ya gasketi. Ikiwa imenywea na kubonyea, vali ya kati ya mfuniko haifunguki. Kisha fungua mfuniko uutazame. Mpira wake usiwe na nyufa wala alama ya kudumu iliyochimbika, na ukiivuta ile vali ndogo ya kati kwa ukucha inapaswa kutoka na kurudi yenyewe. Angalia pia ukingo wa shingo ya rejeta unapokalia mfuniko, kwa sababu mfuniko mpya hauwezi kuziba juu ya shingo iliyolika au yenye magaga.

Baada ya hapo chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na gari hilo lisiwashwe tena. Hapa kuna kosa ambalo limewaogopesha wengi bure: ukifungua kifuniko cha kujazia oili na kukuta utando mwembamba mweupe upande wa ndani, usikimbilie kulia. Katika baridi ya asubuhi za Nakuru, gari linalokwenda kilomita tatu hadi shuleni na kuzimwa hutengeneza unyevu pale juu. Kijiti ndicho kinachosema kweli.

Sasa rudisha maji hadi shingoni, acha mfuniko ukiwa wazi, washa injini ingali baridi na utazame maji hayo kwa dakika mbili au tatu za mwanzo. Viputo vichache vya hewa mwanzoni si kitu. Viputo vinavyofululiza bila kukoma, hasa ukikanyaga mafuta kidogo, vinatoka kwenye silinda. Funga mfuniko kabla maji hayajapata moto. Moshi mweupe mzito wa ekzosi wenye harufu tamu ambao hauishi hata injini ikishapata joto ni ushahidi wa ziada.

Uvujaji mwingine mdogo nao hujificha. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya ekseli yake. Ikichoka, hudondosha maji wakati wa moto tu nayo hukauka kabla hujaegesha, ikiacha ukoko mkavu wa rangi ya waridi au mweupe. Tafuta ukoko kama huo kwenye mishono ambapo plastiki ya rejeta inakutana na alumini. Gusa zulia upande wa abiria wa mbele, maana rejeta ndogo ya hita ikivuja hulowesha hapo na kuweka ukungu kwenye kioo.

Feni sitaizungumzia sana, kwa sababu feni mbovu ingekusumbua katika foleni ya mjini, ambako gari limesimama na hakuna upepo, kuliko barabarani. Bado, washa kiyoyozi uone kama inazunguka, na usiweke mkono karibu nayo hata injini ikiwa imezimwa, kwani inaweza kuanza yenyewe. Kilicho muhimu zaidi kwako ni uso wa rejeta. Kurunzi ikimulika kati ya mapezi yake na kuonyesha matope, nyasi na wadudu, ioshe kwa maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kuelekea nje. Ile mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi na kuziba njia za hewa ulizotaka kuzifungua.

Kuhusu themostati, naomba umkatalie fundi huyo kwa upole. Ushauri wa kuitoa ni wa zamani, na nyumbani kwetu huku umeenea kwa sababu tu "hapa hakuna theluji". Themostati huziba njia ya rejeta mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, kisha hufunguka kidogo kidogo. Ukiitoa, injini hukaa baridi mno: taa ya bluu haizimi upesi, petroli hutumika zaidi, oili huchafuka, na vyuma hulika mapema. Isitoshe, katika injini nyingi za Japani themostati huwa na kisahani cha chini ambacho hufunga njia ya mkato wakati ile ya rejeta inapofunguka. Isipokuwapo, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, hivyo mlimani unaweza kuchemka zaidi kuliko mwanzo.

Ikiwa fundi anaishuku, ailete nje na aipime mbele yako. Huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nayo inapaswa kuanza kufunguka karibu na tarakimu iliyochapwa juu yake. Ila kwa kuwa maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94, huenda isifunguke hadi mwisho ndani ya sufuria hiyo, na hilo pekee lisiwe sababu ya kuitupa. Iliyoganda ikiwa imefunga huchemsha injini popote, hata mjini, huku paipu ya chini ikiwa baridi.

Maji ya bomba nayo yanataka neno. Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa yana chumvi na madini, na kila nusu lita unayoongeza huacha madini yake ndani ya vijibomba vya rejeta kama magaga yanavyoshika ndani ya birika. Zaidi ya hayo, unaizimua kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kazi ya kulanti si kuzuia barafu peke yake. Ndani yake mna dawa za kuzuia kutu na kulika kwa alumini, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka nyuzi kadhaa juu ya maji matupu. Nunua aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na usiongozwe na rangi, kwa kuwa kila kiwanda huchagua rangi yake. Ukinunua isiyochanganywa, izimue kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo mara mbili, kwani asidi ya betri huuzwa karibu na maji hayo na kwa macho hufanana nayo. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo ile ya zamani iwekwe kwenye jerikani iliyofungwa, mbali na watoto, mbwa na ng'ombe, wala isimwagwe shambani. Dawa za unga za kuziba matundu usizitie. Haziponyi mfuniko wala gasketi, na huziba rejeta ndogo ya hita.

Endapo taa itakuwakia tena ukiwa barabarani, zima kiyoyozi mara moja na ufungulie hita hadi mwisho wa joto ukiwa umefungua madirisha, huku ukitafuta mahali salama pa kutoka barabarani. Pasiwe kwenye kona, kwa kuwa barabara ile ina malori mengi. Weka pembetatu ya kuonya mbali nyuma ya gari, abiria washuke upande wa majani, na injini izimwe. Usimwagie injini maji baridi, kwani chuma cha moto hupasuka. Subiri saa nzima. Na kamwe usizime injini au kuweka gari fri wakati wa kuteremka ili lipoe, kwa sababu ukifanya hivyo unapoteza msaada wa injini katika kulizuia gari, na injini ikiwa imezimwa usukani na breki huwa vizito.

Uamuzi wangu ni huu. Paipu ikiwa laini asubuhi, oili ikiwa safi na viputo visipofululiza, nunua mfuniko mpya wenye tarakimu ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani, badilisha na ule mpira mwembamba wa chupa, kisha ujaze rejeta kulanti gari likiwa limeelekezwa mlimani kidogo na hita ikiwa wazi ili hewa itoke. Chupa ijazwe kati ya alama ya chini na ya juu wakati wa baridi. Lakini mojawapo ya dalili za gasketi ikionekana, usiendelee kujaribu. Livute gari hadi gereji, usiliendeshe, na uulize kwanza kama wanacho kipimo cha presha ya rejeta na ile dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi ya silinda. Vipimo hivyo havihitaji kufungua injini. Fundi anayetaka kufungua hedi kabla ya kuvifanya, mwache uende kwa mwingine.

Hata kama dalili hizo hazitaonekana, ningependa vipimo hivyo vifanyike kwa sababu ya ile miezi miwili. Ukishabadilisha mfuniko, bandika kipande cha utepe kwenye chupa ya akiba na uandike kiwango cha kila asubuhi kwa siku saba za kwenda shuleni na kurudi, kisha fungua rejeta siku ya nane. Ikiwa imejaa hadi shingoni na chupa imerudi kwenye alama yake kila asubuhi, panda hadi Salgaa na kurudi, na uangalie tena kesho yake. Ikiwa imepungua hata glasi moja, gari liende gereji siku hiyohiyo.